Dakika Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Tumerudi. Siku nne kwenye mji uliopigwa na mafuriko, na viatu vyangu bado vinanuka mto. Mama kavishika kwa vidole viwili na kuvitoa nje.

Mwalimu wa Jiografia katupanga wawili wawili. Ijumaa kila jozi itaieleza shule nzima somo moja la safari. Mimi niko na Mapozi – nani mwingine? Tunakaa dawati moja tangu darasa la tatu. Jina kalipata kwa sababu hapiti kioo bila kukisalimia.

Somo letu ni kuosha picha. Watu wale walizifukua albamu zao kwenye tope, nasi tukawasaidia. Maji baridi, brashi laini, nyuso usiziguse. Tuliosha mia mbili na kitu.

Jumatano, 6 Machi

Mapozi anasema somo letu linaboa. Nani atalia kwa ajili ya brashi? Nikamwambia hatuendi kuliza watu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, na ile ya Shangazi?

Nikamwambia asithubutu!

Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Shangazi ndiye mama aliyenipokea kule, alitaka nimwite hivyo. Kazi yake ni king'ora. Anaangalia kipimo cha mto, maji yakigusa alama nyekundu anabonyeza kitufe papo hapo. Siku ya mafuriko yaligusa. Hakubonyeza. Alikimbia kwanza kumtoa mama yake, hawezi kutembea, nyumba yao ya tatu kutoka mtoni. Ndipo akarudi akabonyeza. Dakika kumi na moja.

Mji haujui. Wamempa cheti cha ushujaa, kimetundikwa kwenye ukuta wa mabati, na hawezi kukishusha maana watauliza. Anayejua ni dada yake tu, wanalala chumba kimoja. Mume wa huyo dada alichukuliwa na maji. Na hajafungua mdomo!

Aliniambia tukianika picha kwa vibanio, bila kunitazama. Nakwambia wewe kwa kuwa unaondoka, alisema.

Na mimi nikafika nayo kwenye basi tu. Ilinikaba. Nikamwambia Mapozi, kiti cha nyuma, baada ya kumwapisha. Aliapa kwa uhai wa bibi yake.

Ijumaa, 8 Machi

Kaisema.

Mimi nimemaliza mambo ya brashi, namkabidhi kipaza sauti aseme ahsante, tushuke. Yeye akavuta pumzi – namjua, ile pumzi ya mbele ya kioo – akaanza: "Kuna mwanamke mmoja kule, kazi yake king'ora." Yote! Mpaka cheti. Mpaka mama asiyeweza kutembea. Akamalizia eti somo ni kwamba wajibu huja kabla ya damu.

Ukumbi ulisimama. Watu walifuta machozi. Mwalimu mkuu alipiga makofi mikono iko juu ya kichwa.

Nami nilisimama pale pembeni yake, nikatabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Jumamosi, 9 Machi

Mapozi kaja nyumbani, kakaa kitandani kwangu kama hakuna kitu. Eti nimenuna nini, mbona hakumtaja Shangazi jina.

Nikamuuliza mji ule una ving'ora vingapi.

Eti nani kule atasikia? Kisha eti naona wivu kwa sababu makofi yalikuwa yake. Wivu! Nikamwonyesha mlango. Akasimama pale akasema, mbona wewe ndiye uliyeniambia?

Nimelia mpaka kamasi. Miaka tisa! Ndiye aliyenishika mkono siku baba alipoondoka, siri zangu zote anazo. Sasa nazihesabu moja moja nikijiuliza amezimwaga wapi.

Mama kanisikiliza yote akikunja nguo. Akauliza tu, na wewe nani alikutuma kumwambia? Siku nyingine yuko upande wangu. Leo, wapi.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu wa Jiografia anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Kairusha video ya Ijumaa kwenye kundi la wenyeji wetu, ili waone tulichojifunza kwao.

Nilikimbia ofisi ya walimu. Nikamwomba aifute. Akashangaa, akasema imeshatazamwa na watu arobaini. Wameipenda? nikauliza. Akaangalia simu. Bado hawajajibu, akasema, na tabasamu likaanza kumpotea.

Jumanne, 12 Machi

Shangazi kapiga. Saa tisa, ndiyo kwanza nimevua sare.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema wamekuja watu nyumbani tangu asubuhi. Wamesimama tu nje. Mmoja kaingia, kakishusha cheti, kakiweka mezani kifudifudi, katoka. Mama yake anauliza kuna nini.

Kisha: "Mwanangu, ulimwambia mtu?"

Nilikuwa na maneno. Naapa nilikuwa nayo. Nilitaka kusema nimesalitiwa, Shangazi, na mimi nimesalitiwa.

Nikasema hapana. Sijamwambia mtu. Yule msichana nasoma naye tu, sijui kayatoa wapi.

Akashusha pumzi. Ya nafuu, kabisa. "Nilijua si wewe," akasema. "Basi ni dada yangu. Ni yeye tu mwingine. Kumbe miezi yote hii alikuwa ananiwekea kinyongo." Akanishukuru. Akanishukuru! Akakata.

Nilikaa na simu mapajani. Nikasema nampigia sasa hivi namwambia. Nikanywa maji kwanza. Nikakunja sare. Saa kumi na nusu ndipo nikapiga.

Akapokea dada yake. Anatweta. Nyuma yake kitu kinaburutwa, na sauti ya Shangazi inasema na godoro lako pia. Akauliza wewe nani? Unajua ndugu yangu kapatwa na nini? Ananitoa nje, anasema nimemuuza, mimi nimemuuza kwa nani?

Nikakata.

Sasa simu inaita. Namba ile ile, mara ya tatu. Mama, kutoka jikoni, anauliza kwa nini sipokei.