Alama Niliyoitilia Sahihi

Chumba Namba 6,
Nyumba za Wageni, Chuo cha Polisi.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pokea shikamoo ya mikono miwili, maana ya simu nimeikwepa wiki tatu nzima. Usidhani nimekusahau. Kila nikishika simu nasikia sauti yako ikiuliza, "Kazi inakwendaje, Afande?" nami nairudisha mezani. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Unaendeleaje? Goti limekubali dawa mpya, au bado linatabiri mvua? Na macho je? Mama aliniambia kwamba siku hizi unamimina chai pembeni ya kikombe, kisha unamlaumu aliyekiweka kikombe. Najua barua hii utasomewa na binamu yangu, kitinda mimba wako, yule tuliyempachika jina la Redio. Redio mpenzi, soma yote, usiruke mistari, na ukimaliza jizime.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochechemea.

Mwaka umepita tangu niletwe huku ugenini kuwashauri polisi wao namna ya kujenga kitengo cha alama za vidole. Nilikuta kabati moja la kadi zilizoliwa na mchwa, kidau cha wino uliokauka na lenzi yenye ufa. Leo kuna meza sita, kila moja na taa yake, kuna brashi na unga mweusi wa kutosha, na kadi elfu tisa zilizopangwa zikapangika. Wenyewe wananiita Mama Wino. Ungeziona kucha zangu usingeuliza kwa nini.

Nina wanafunzi kumi na wawili. Aliyewashinda wote kwa bidii ni koplo mmoja mwembamba, wenzake wanamwita Darubini kwa sababu lenzi haimtoki mkononi. Hata mkate huukagua kabla ya kuuma. Nilimpenda kama mdogo wangu, sikufichi. Nilikuwa nikisema moyoni, mimi nikiondoka, huyu ndiye atakayebaki na kitengo.

Mwezi wa tano watu walivunja ghala la dawa la hospitali, wakampiga mlinzi hadi wakamvunja mkono. Kwenye kioo cha dirisha tulipata alama ya dole gumba, nusu yake imefifia. Darubini aliilinganisha na kadi zetu siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaja mbio ofisini kwangu, hata hodi hakupiga.

"Mama, tumempata! Ni fundi cherehani wa barabara ya stendi. Dole ni lake!"

Kadi ya huyo fundi tulikuwa nayo kwa sababu miaka mitatu nyuma aliwahi kugombana na jirani yake, wakapelekwa kituoni wote wawili. Yeye akasema ghala hilo hajawahi hata kulikaribia. Sote tulijibu jibu la siku zote: mwizi gani aliyewahi kukubali?

Sasa nisikilize vizuri, Mjomba. Kitu cha kwanza ninachowafundisha watu hawa ni kwamba mkaguzi wa pili haambiwi wa kwanza ameona nini. Anapewa alama mbili, anaachwa peke yake, anaeleza alichokiona kwa macho yake. Siku ile mkaguzi wa pili nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeshaambiwa. Tena wafadhili wa mradi walikuwa wanakuja keshokutwa yake, na Mkuu wa Upelelezi alikuwa ameshachungulia mlangoni kwangu mara mbili. Kazi ya nusu siku niliifanya kwa dakika ishirini. Mtu akiambiwa kuna nyoka majanini, hata kamba huiona ni nyoka. Nikatia sahihi.

Ile picha ya gazeti niliyokutumia, nimesimama kati ya Mkuu na wageni, ambayo nasikia uliiweka kwenye fremu ukutani, ilipigwa wiki hiyo. Naomba uiteremshe.

Fundi akapelekwa mahabusu kusubiri kesi. Mkewe nilikuwa nampita kila Jumanne kwenye benchi la mapokezi, ameshika bakuli lililofungwa kitambaa, anasubiri kibali cha kwenda gerezani kumwona mumewe. Nilikuwa namsalimia. Naye alikuwa ananiitikia vizuri tu.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Katikati ya mwezi wa nane nilikuwa naandaa somo, nikaona nitumie kesi hiyo kama mfano wa kazi iliyofanywa barabara. Nikaikuza alama ya kioo na ile ya kadi, kila moja ikawa kubwa kama mlango, nikazibandika ukutani, nikawaambia wanafunzi wahesabu mahali zinapofanana. Walikuwa wamefika pa tisa aliponyoosha mkono askari mmoja wa kike anayekaa nyuma, mtu ambaye wiki nzima inaweza kupita hujamsikia.

"Mama, samahani. Mstari huu kwenye kioo unakoma. Kwenye kadi unaendelea."

Darubini akacheka. "Hilo ni vumbi, dada."

"Vumbi linaziba," yule akasema. "Halichongi ncha safi kama hii."

Nikasogea ukutani. Mjomba, mstari ulikuwa unakoma kweli. Nikawaambia darasa limekwisha. Kisha nikajifungia na zile alama siku mbili, mara hii kama mtu ambaye hajaambiwa chochote. Mahali tisa zinafanana sana. Mahali patatu hazifanani kabisa, na hakuna vumbi wala jasho linaloweza kulieleza jambo hilo. Lile dole halikuwa la fundi.

Nilikwenda kwa Mkuu na alama zangu mkononi. Huyu si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Mama Wino," akasema, "mgeni akivunja sahani huambiwa si kitu. Hii si sahani. Ukiandika hayo, kila wakili mjini atakuja kubisha hodi hapa."

"Waje. Mtu yuko ndani na hana kosa."

"Kesi yake imebaki miezi miwili. Ushahidi ni mwembamba, hakimu atamwachia mwenyewe. Sisi tunyamaze tu."

"Na hiyo miezi miwili akakae nani?"

Halafu akasema neno ambalo linanitafuna hadi leo. "Kabla hujaja, unajua tulikuwa tunaulizaje watu? Kwa fimbo. Mimi mwenyewe nimeishika. Nimewabembeleza vijana hawa waiache kwa kuwaambia kwamba kidole hakidanganyi. Sasa wewe uliyewafundisha nenda kawaambie kimedanganya. Kesho watarudi kwenye fimbo, na hutakuwepo kuwazuia."

Nilimwambia kwamba kidole hakikudanganya, tuliodanganya ni sisi, lakini hata mimi nilisikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi mbele ya yake.

Hata hivyo niliandika. Ulitukuza kwa kutuambia mficha uchi hazai, sasa ningefanyaje? Nilimwandikia mwendesha mashtaka kurasa mbili kwa mkono wangu, nikaeleza kosa ni lipi, limetokeaje, na kwamba mkaguzi wa pili aliyepaswa kulizuia alikuwa mimi. Kabla ya kuipeleka nilimwita Darubini ili aisome kwanza. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akanirudishia.

"Ulisema nikikosea utaniambia mimi," akasema. "Hukusema utaiambia serikali."

Tangu hapo ananiita Mshauri. Mama Wino imekufa kinywani mwake.

Fundi aliachiwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Nilikwenda gerezani. Hakuna aliyenituma, lakini niliona kukaa ofisini siku hiyo ni woga. Alitolewa akiwa ndani ya shati lile lile alilokamatwa nalo, sasa mabega ya shati yanamwangukia. Ili atoke, fomu ilidai dole gumba. Na wa kuja na kidau cha wino alikuwa nani? Darubini.

Fundi alipouona ule wino alirudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono makwapani.

"Hapana," akasema. "Vidole vyangu hamvipati tena."

Ofisa wa gereza akamweleza kwamba dole hilo ni la kutokea, si la kuingilia. Akakataa. Mkewe akiwa nje ya geti akamwita kwa sauti, "Baba, toa tu, twende nyumbani!" Akakataa. Akakaa kwenye benchi, mikono makwapani, geti liko wazi mbele yake. Saa nzima na zaidi. Mtu huru, hatoki. Darubini alisimama muda wote huo na kidau chake, jasho linamtiririka. Mwisho akakifunga kifuniko, akamwambia ofisa, "Afande, kuandika anajua, huyu ni fundi, anaandika vipimo vya watu kila siku. Aandike jina." Ofisa akapiga simu ofisi hii na ile, ruhusa ikapatikana, fundi akaandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa.

Alipofika nilipokuwa nimesimama nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, yote yakatoroka, likabaki moja tu: nisamehe.

Akanitazama. "Mama, wewe ndiye uliyetia sahihi?"

"Ndiyo."

"Ile ya kuniingiza, au hii ya kunitoa?"

"Zote mbili."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Basi sijui nikuambie nini," akasema, akaenda kwa mkewe. Kibanda chake cha kushonea kimeshachukuliwa na fundi simu. Mashine yake iko kwa shemeji yake, chini ya turubai. Hayo niliyasikia kwa watu. Yeye hakunieleza chochote, na ana haki.

Mwendesha mashtaka ameagiza alama zote tulizolinganisha tangu nifike zikaguliwe upya. Ziko arobaini na moja, Mjomba, na nyuma ya kila moja kuna mtu. Darasa nimenyang'anywa, nimepewa chumba cha stoo chenye dirisha moja, nafanya kazi na yule askari wa kike wa nyuma. Yeye hajui nilichokiona, nami sijui alichokiona, hadi wote tumalize. Tumefika ya kumi na tisa. Kumi na nane ni safi. Hiyo ya kumi na tisa nimeiweka kando mara mbili na kuirudia, na bado sina raha nayo.

Kwa hiyo hapa ndipo penye habari niliyokuwa naizungukazunguka tangu mwanzo. Mwezi ujao sitakuwepo ukifanyiwa upasuaji wa macho. Niliahidi kukushika mkono hadi mlangoni kwa daktari, na niliahidi mbele ya familia nzima. Mkataba wangu unaisha mwezi huo, tiketi ninayo, ningeweza kupanda ndege na kuacha stoo hii na vumbi lake. Nimeomba niongezewe miezi mitatu. Nisamehe. Dada mkubwa ataomba ruhusa kazini akusindikize, nimeshazungumza naye. Alinung'unika kidogo, akakubali.

Kuna kitu kingine, nacho sijamwambia mtu yeyote. Juzi nilipita chumba cha mahojiano, mlango uko wazi, hakuna mtu ndani. Nyuma ya mlango nikaona fimbo imeegemezwa. Mpya, imemenywa vizuri. Nilipouliza, nikaambiwa ni ya kufungulia dirisha la juu. Nikainua macho. Dirisha la juu limezibwa kwa mbao.

Nilimpelekea Mkuu. Akaichukua, akaivunja vipande viwili gotini mbele yangu, akanitazama. Sijui kama alikuwa ananiambia ameshughulikia, au ananiambia, "Nilikuonya."

Wewe umevaa sare miaka ishirini na sita. Nikiwa mdogo nilikuwa nakuuliza mlikuwa mnawapataje wezi, nawe ukinijibu, "Kwa kuwauliza," kisha unacheka, unabadili mazungumzo. Leo nakuuliza nikiwa mtu mzima. Mlikuwa mnauliza kwa kitu gani? Siulizi ili nikuhukumu. Nani mimi wa kuhukumu, na sahihi yangu umeshaiona ilivyofanya. Nauliza kwa sababu nahitaji kujua kama mtu aliyewahi kuishika fimbo anaweza kuiacha kabisa, na ni nini kilichomwachisha. Usinitumie methali. Niambie ilivyokuwa.

Nisalimie shangazi, mwambie kitambaa alichonifumia ndicho ninachofunikia lenzi. Msalimie mama, umwambie nakula. Dada mkubwa na wanawe wote, hadi yule anayeota meno. Redio naye salamu zake anazo, ingawa leo ameshiba habari.

Mungu akuwekee mkono wa daktari imara, akufungulie macho, akupe uzee wenye usingizi mzuri. Uniombee na mimi niione vizuri hiyo ya kumi na tisa.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, ninayesubiri jibu lako hata likiwa chungu,

Mama Wino