Ernesta Wetu Amekuwa wa Kwanza

Kibondo, Desemba 1978

Kwa mwanangu Longinus, huko kwenye mkonge, Tanga.

Nakusalimu sana. Mimi mzima, na barua hii naandika kwa mkono wangu, sikuomba karani. Shule ya misheni imefunga mwaka. Sista amesoma matokeo kanisani: binti yako Ernesta wa kwanza darasa la nne. Nilisimama peke yangu nikapiga makofi.

Kipindupindu kilipoingia, watoto walisomea nyumbani mwezi mzima. Ernesta ndiye aliyenimalizia herufi zilizonishinda kwenye kisomo cha watu wazima, akiandika kwa mkaa ukutani. Siku moja akanisomea karatasi ya Sista: "Babu, tuchemshe maji ya kunywa." Nikamjibu, "Mto huu nimeunywa tangu enzi ya Mjerumani. Wewe soma, maji niachie mimi." Akacheka, akanywa.

Longinus, mtoto hayupo. Aliharisha siku mbili tu. Watu wa afya walimzika wenyewe, hatukumwosha. Matokeo yamesomwa yeye akiwa kaburini.

Mkeo anawaambia watu ni kazi ya Mungu, ili kunisitiri. Si Mungu. Usimuulize yeye. Njoo uniulize mimi.

Baba yako,
Gwasa