Mavyaa Amezikwa, Sisi Tuko Tabora

Alhamisi, jioni inaingia. Kanyenye, Tabora.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Mchana jua likawaka, na upepo wa kiangazi ukaleta vumbi jekundu mpaka kwenye mito ya kitanda. Badi amelala. Au amefumba macho tu, sijui. Sitaki kumuuliza.

Jana tumefiwa.

Naandika kwa sababu nimeshindwa kufanya jambo jingine. Nguo nimezikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena. Chai nimepoza vikombe viwili.

Kama umeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza, mimi naoka keki za harusi Mombasa, na Badi ni mume wangu, fundi wa friji. Mavyaa wangu, yaani mamake Badi, aliitwa Bi Mwanakombo.

Naona nimeandika "aliitwa". Vidole vimetangulia, mimi bado sijafika.

Safari hii ilikuwa yake kabla haijawa yetu. Tangu Badi akiwa mdogo, mamake alimwambia kwamba babu wa babu yake alitoka huku Unyanyembe, akateremka pwani na msafara wa pembe za ndovu, akaoa Mombasa na asirudi tena. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuja kupaona. Tulipopata nafasi mwaka huu tulimwomba tuje naye, akatuonyesha magoti yake yaliyovimba. Akasema, "Nendeni nyinyi mkanitazamie." Basi tukapanga kuifuata njia yenyewe ya misafara: Bagamoyo kwanza, halafu treni kutoka Dar mpaka Tabora, tushuke tuutembee mji siku chache, kisha Kigoma na Ujiji, kule walikokuwa wakiishia ziwani.

Tulimwacha mzima. Alikuwa na presha, lakini nani katika umri ule hana presha?

Jana asubuhi tulikodi bajaji kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji. Dereva anaitwa Ramadhani, mtu wa makamo, mwingi wa salamu. Kila tuliyempita njiani alimwambia "mwangaluka" naye akaitikiwa. Kwihara kuna tembe la zamani lililogeuzwa makumbusho, nyumba pana ya udongo mwekundu yenye kuta nene na ua katikati. Msimamizi alikuwa akituonyesha minyororo waliyofungwa watumwa, na Badi alikuwa hamwachi apumue. Wapagazi walilala wapi? Walikula nini? Waliokufa njiani walizikwa na nani? Mimi, nakiri, nilikuwa nimechoka. Viatu vilinibana na nilikuwa nikiufikiria wali.

Ndipo simu ya Badi ikalia. Alikuwa wifi yangu Rukia, dada yake Badi. Mtandao kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo Badi alitoka uani akaweka sauti juu, na mimi nikasikia.

"Badi, Mama hayuko."

Badi akauliza, "Ameenda wapi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua iwapo mamake ameenda sokoni au kwa jirani. Tulisikia kilio tu, cha Rukia na cha watu wengine nyuma yake, na hapo nikaona uso wa mume wangu ukielewa polepole, kama maji yanavyopanda kisimani.

Mavyaa alikuwa akinywa chai, Rukia alitueleza baadaye. Akaweka kikombe chini, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza. Basi, hivyo tu.

Msimamizi alifunga kitabu cha wageni asitudai hata kusaini. Ramadhani, aliyekuwa akitungoja nje, alituangalia mara moja akawasha bajaji. "Twendeni stendi, kaka. Tujaribu."

Tulijaribu. Stendi wakatuambia mabasi ya Arusha na ya Dar yameondoka alfajiri yote, mpaka kesho, na ya kesho yamejaa, labda keshokutwa. Uwanja wa ndege tulikuta geti limefungwa. Mlinzi akatupa pole kwanza, halafu akasema hakuna ndege mpaka mwisho wa wiki. Stesheni, treni ya kurudi Dar ilikuwa bado haijafika kutoka huko itokako na hakuna aliyeweza kusema itafika saa ngapi. Ramadhani alisimamisha hata malori barabarani akiwauliza madereva kama kuna anayekwenda Singida. Kila mahali nilishuka nyuma ya Badi, nikasimama nyuma yake, nikapanda nyuma yake. Sikuwa na msaada wowote. Nilimbebea maji ambayo hakuyanywa.

Saa sita akapiga simu ami yake, mdogo wa marehemu babake, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba sasa.

"Ami, ningojeni."

"Tukungoje mpaka lini, mwanangu?"

"Kesho."

"Kesho utakuwa umefika wapi?"

Badi alinigeukia kana kwamba mimi nilikuwa na jibu zuri mkobani. Nilitamani kusema Voi. Nilitamani hata kudanganya. Hata gari lingepatikana papo hapo, kesho mchana tungekuwa bado Tanzania.

Ami akaendelea. "Maiti haingoji, Badi. Tutamzika baada ya alasiri. Unisamehe."

"Nani atashuka kaburini?"

"Nitashuka mimi na mume wa Rukia."

Badi ndiye mwanawe wa kiume, wa pekee. Kumpokea mamake mle ndani ilikuwa kazi yake, haikuwa ya mtu mwingine duniani. Alisema, "Haya, Ami," akaikata simu, akakaa kwenye ukingo wa barabara pale mbele ya stesheni, watu wakimzunguka na mizigo yao.

Na mimi sikulia. Hili sikumwambia mtu, naliandika hapa. Mimi na mavyaa tuliishi kwa heshima, si kwa mapenzi. Kila keki niliyompelekea aliionja, akatafuna kwa makini, akasema, "Imekaribia." Miaka yote ya ndoa yangu, imekaribia. Sasa mume wangu amekatika vipande mbele yangu, na mimi namtazama kwa macho makavu, nikijiona kama mgeni aliyeingia msiba usio wake.

Tuliporudi gesti, Ramadhani ndiye aliyemweleza mwenye nyumba, Bi Kuruthumu. Ni mama wa hapa hapa Kanyenye, mnene, mcheshi, tangu tufike alikuwa akinitania kwa Kiswahili changu cha Mombasa. Jana hakutania. Wala hakutuuliza tunataka nini. Aliita wafanyakazi wakatoa viti vyote vya sebuleni, akatandika mikeka, akavuta ushungi kichwani, akatoka kwenda kugonga milango ya majirani.

Kwetu, mtu akifiwa, mimi ndiye mwenye kukimbia na masufuria. Mikono yangu inajua pa kwenda. Jana niliinuka nikachukue hata ufagio, Bi Kuruthumu akanishika bega. "Wewe ni mfiwa. Kaa."

Nikakaa.

Alasiri ya Mombasa huingia mapema kuliko ya huku. Kwa hiyo jeneza lilipokuwa likitolewa kule, Tabora adhana ilikuwa bado. Binamu yake Badi, Swaleh, alikuwa ameahidi kumwonyesha maziko kwa simu ya picha. Badi alisimama ukutani kwenye kona ya sebule yenye mtandao, simu ameiinua juu kwa mikono miwili. Tuliona vichwa vya watu. Tuliona kitambaa cha kijani cha jeneza kikipita mkono kwa mkono. Tuliona ami akivua viatu. Halafu picha ikaganda: mchanga, na kiatu cha mtu.

"Swaleh? Swaleh, wanisikia?"

Mchanga na kiatu.

"Swaleh, isogeze. Isogeze kidogo."

Nilimwambia labda akate apige tena. Akanitupia jicho ambalo hajawahi kunitupia, la mtu anayeogopa kwamba akikata ndio mwisho. Hakukata. Aliisimamia picha ile iliyoganda mpaka ikazimika yenyewe, na kabla hajapiga tena, ujumbe wa Swaleh ukaingia: tumemaliza.

Hapo ndipo adhana ya Tabora ilipoadhiniwa.

Wanaume wa mtaa walikuwa wameshakusanyika barazani, mafundi cherehani, wenye maduka, Ramadhani naye amebadilisha shati. Mmoja wao, imamu, aliingia akamshika Badi mkono kama anavyoshikwa mtoto. "Jina la mama yetu nani?"

"Mwanakombo binti Shee."

"Twende tukamsalie."

Wakaenda. Baada ya alasiri wakamsalia swala ya maiti asiyekuwepo, msikiti mzima, watu ambao hawakuwahi kumwona. Ramadhani aliniambia baadaye kwamba Badi alisimama safu ya mbele, na watu wawili walikuwa wamemkaribia bega kwa bega, huku na huku, wasije wakamwachia aanguke.

Sisi wanawake tulibaki mkekani. Palikuja mpaka mama mmoja Mkristo wa Kimoraviani kutoka nyumba ya pili, amebeba bakuli la matobolwa, viazi vile vitamu vya kukausha, akaketi nasi. Walisoma Yasini. Walipomaliza, Bi Kuruthumu akanigeukia.

"Mkweo alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifungua kinywa niseme alikuwa mwema sana, Mungu amrehemu, kama isemwavyo. Sijui kilichotokea. Nikawaambia habari ya "imekaribia". Wakacheka, wakaziba midomo kwa kanga. Halafu, bila kupanga, nikawaambia ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba mimba yangu ya kwanza ilipotoka, Badi alikuwa kazini Malindi. Mavyaa akaja. Hakusema pole, hakusema Mungu atakupa nyingine. Alinivua nguo, akaniogesha, akazifua shuka kwa mkono wake uani, akazianika, akakaa kitandani akanikandakanda miguu mpaka nikalala. Tangu siku ile hakulitaja tena. Wala mimi sikumshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kulitaja.

Yule mama Mmoraviani alisema polepole, "Huyo alikuwa mama."

Machozi yalikuja wakati huo, na hayakunipunguzia kitu. Niliyatoa mbele ya watu ambao hawakumjua, mbali na watoto wake, siku ambayo hawezi tena kunisikia.

Ramadhani ametupatia viti viwili vya basi la Arusha kesho alfajiri. Sijui aliongea na nani. Tutafika Mombasa Jumamosi, Mungu akipenda, matanga yakiwa yanaanuliwa. Badi atapokea pole za watu waliobaki.

Leo mchana Badi aliinuka ghafla akavaa viatu.

"Twende tukatembee," akasema. "Kuna nyumba za zamani hatujaziona."

Nilishangaa. Niliogopa pia. Lakini mtu aliyefiwa na mamake ukimwambia usitoke, ukimwambia toka, unajua lipi litamfaa? Nikajifunga ushungi nikamfuata. Tulipita maduka ya vitenge, tukapita wauza asali na karanga, tukaingia vichochoro vya nyuma. Alinionyesha paa la bati lililopanguka, akanieleza nyumba za aina hiyo zilijengwaje. Alikuwa akieleza vizuri. Mtu angetuona angesema hawa ni mume na mke walio matembezini.

Tukafika kwenye nyumba moja kuukuu yenye mlango wa nakshi, kama ile ya Mji wa Kale kwetu, ila huu umeliwa na mchwa chini. Badi akaupapasa. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akatoa simu.

"Simama hapo nikupige picha."

Nikasimama. Sikujua uso niuweke vipi. Nikicheka ni aibu. Nikinuna namrudisha msibani. Nikaegemea mlango, nikamwangalia yeye tu. Akapiga. Akainama kuitazama, kidole gumba kikaenda kwenye kioo, kikagusa, kikagusa tena, kikasimama.

Nikamwendea.

"Kila mahali tulipofika," akasema bila kuinua kichwa, "nilikuwa namtumia yeye kwanza."

Nilitafuta neno. Wallahi nililitafuta. Kiswahili chote hiki, cha Mombasa na cha Tabora, na nisipate hata neno moja la kumpa mume wangu pale kichochoroni. Mwanamke mmoja alipita na ndoo kichwani, akatusalimu, akatuambia karibuni. Tukamwitikia ahsante.

Nilichukua simu mkononi mwake, nikaitia mkobani, tukarudi tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo hatujawahi kulifanya barabarani.

Sasa amegeukia ukuta. Mabega yanatikisika kidogo, kwa hiyo hajalala.

Sijui mtu hufarijiwaje. Nilidhani nikiwa mke wake nitajua, kwamba siku ikifika ujuzi utakuja wenyewe, kama maziwa. Haujaja. Labda kwa mwingine huja. Mimi bado nangoja hapa kitini nikiwa nimeshika simu yangu ninayoandikia.

Kesho kuna barabara ndefu, na mwisho wake kuna kaburi ambalo limeshafunikwa. Siwezi kuifupisha njia, siwezi kulifunua kaburi. Naweza kumwachia kiti cha dirishani.

Naizima simu. Nakwenda kulala nyuma ya mgongo wake.