Kifaa cha Masikio ya Mama

S.L.P. 318,
Kambarage,
Shinyanga.
16 Novemba, 1999

Mpendwa mdogo wangu Kalisti,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujafungua bahasha. Hujambo huko Uingereza kwenye baridi? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima. Mvua zimeanza vizuri, watoto wanaenda shule, na wazee kule kijijini hawajambo, ingawa Baba amekonda kwa sababu nitakazokueleza sasa hivi, tena kwa hasira.

Ile barua ya mwezi uliopita, kwamba kifaa cha masikio cha Mama kimeibwa njiani na ndani ya kasha tumekuta kipande cha sabuni ya mche na magazeti, iweke kando. Na kama bado unagombana na lile duka ulikonunua kwa kompyuta, acha leo hii na uwaombe radhi. Hawakuwa na kosa, wala waliokileta kwa ndege, wala watu wa forodha ambao niliwasema vibaya mbele ya kwaya nzima.

Unajua nilivyokuwa nimekisubiri. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi unapopiga simu dukani kwa Mzee Ramniklal, Mama anashika simu na hasikii kitu. Mimi ndiye ninayemgusa bega ili ajue umemwamkia, naye anaitikia marahaba akiangalia ukuta. Nimechoka kuliona jambo hilo.

Baba alipoona sabuni alitafuta kamba. Akalifunga kasha, akachukua wazee wawili wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akaanza kufuata nyayo kama vile ameibiwa ng'ombe. Unaijua sheria yao: nyayo zikiingia kijijini kwa watu, wenye kijiji wazitoe upande wa pili au walipe wao. Nilimwambia Baba, kasha halina kwato. Akanijibu kwamba kila kilichobebwa kina aliyekibeba, akapanda basi la Mwanza na kasha lake mapajani. Niliona aibu kwa niaba yake.

Kumbe kule Mwanza, kwa wakala aliyepokea mzigo, walimkumbuka mdogo wetu Donatus vizuri sana. Alikuwa anatoka machimboni Geita kuja kutusalimia, ndiyo maana tulimtuma apitie kasha. Wakala yule humfungulia mtu mzigo mbele yake kabla hajaondoka nao. Donatus alikishika kifaa kwa mikono yake, akakigeuzageuza, akaridhika. Baba akawaambia wabeja, akawashukuru kwa heshima zote, akarudi. Nyayo zilikuwa zimetoka Mwanza salama na kuingia nyumbani kwetu.

Kufika akawaambia wale wazee, "Zimeingia kwangu, na sina pa kuzitolea." Akafungua zizi, akamtoa yule fahali mwekundu aliyekuwa ametengwa kwa mahari ya Donatus. Sungusungu wamemla. Mimi nililetewa paja, nikalipika nikiwa nimenuna, na nyama ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Sasa sikia utetezi wa bwana mdogo, maana Baba alimfuata huko huko Geita. Anasema aliona kiboksi chenye waya na kitu cha kuchomeka sikioni, akajua ni redio ya mfukoni umemtumia Baba, na Baba redio anayo. Akarudi nacho machimboni na kubadilishana na mwenzake, Mayala, kwa buti za kuingilia shimoni. Kama alidhani si kosa, ile sabuni ya kuongeza uzito aliitia ya nini? Nawe Kalisti una sehemu yako ya lawama. Nani alikutuma ulifanye siri, unieleze mimi peke yangu na kunifunga mdomo, eti Mama ashtukizwe?

Kukipata hakukuwa na taabu. Mayala alikuwa akimsaka Donatus kila kambi, akilalamika kwamba redio haishiki stesheni hata moja, inamletea tu kelele za watu wanaoponda mawe nje. Alikirudisha akachukua buti zake, na kila mtu akamwona Donatus mjinga.

Mama tumemvisha Jumamosi. Sauti ya kwanza aliyoisikia ni yangu nikimfokea Donatus, akaniambia nipunguze. Kisha Donatus akapiga magoti na kuomba msamaha, akikiongelesha kile kiboksi kifuani kwa Mama kama nilivyomwelekeza. Mama alimwacha amalize, akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena. Baadaye akaninong'oneza kwamba alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.

Shemeji yako Cornel anakusalimu, na watoto, na Baba, ambaye ameanza kula vizuri. Hata Donatus anakusalimu, sijui kwa uso gani. Mwenyezi Mungu akutunze na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Jumapili ya kwanza ya Desemba piga simu kama kawaida. Mzee Ramniklal atatufungulia mlango wa nyuma. Usipayuke kama ulivyozoea. Iseme shikamoo yako taratibu, kisha usubiri. Safari hii sitamgusa bega.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Scolastika