Firigisi ya Baba

Kibondo, Jumamosi jioni

Nimeikatakata firigisi ya baba! Mama alinipa kuku nimtengeneze, nami nikasahau kabisa kwamba ni kitoweo. Nilishika moyo wake kiganjani, bado una joto, nikajiona wodini, nimevaa koti jeupe, wagonjwa wananisubiri. Kumbe kisu kimeshaipitia firigisi, vipande vyembamba kama vya maabara chuoni.

Kwetu firigisi hupewa baba, tena nzima. Nilijua atafoka. Tangu nikose nafasi ya udaktari nikaingia baiolojia ili nijaribu tena baadaye, hajaniuliza lolote kuhusu masomo. Na nikimaliza digrii hii, halafu wakaninyima tena...

Mezani baba aliviangalia vile vipande. Akanisogezea sahani.

"Haya, daktari. Nionyeshe unachosoma."