Mkungu wa Mama Neema Mnadani

Jumatano, jioni.

Manyunyu tangu alfajiri. Mlima umejifunika wiki nzima, na baridi ya Julai imeingia hadi kwenye vitabu, kurasa zinashikana. Nimekaa karibu na jiko la mkaa, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Nina hasira. Afadhali niseme mapema, ili anayesoma ajue ni maneno ya mtu wa namna gani.

Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Usharikani kwetu mazao yanayoletwa madhabahuni hunadiwa uwanjani baada ya ibada: mikungu, mayai, kuku, maboga, debe la mahindi. Watu hushindana na kutaniana, ni furaha tupu. Tena kuna desturi niliyoipenda tangu tulipohamia huku njia ya Marangu: anayenunua humtafuta aliyetoa, ampigie simu au apite kwake, amshukuru. Kwa hiyo mnada hauishii uwanjani. Wiki nzima inayofuata watu hupitiana majumbani.

Mke wangu, Mama Neema, hajafika kanisani tangu mwaka jana. Ana kidonda cha kisukari mguuni. Hospitali wanakisafisha, mimi nakifunga, hakiponi. Kina harufu. Silizunguki neno hilo, maana ndilo lililowafanya wenzetu waache kuja. Mwanzoni walikuja wengi, wakakaa karibu na mlango. Halafu wakaja wachache. Halafu jumuiya yetu, inayosali nyumba hadi nyumba kwa zamu, ikaanza kuiruka zamu yetu. "Tumewapumzisha, mzee," katibu wao akaniambia. "Mama apate utulivu."

Ameupata. Utulivu tunao hadi masikio yanauma.

Maisha yangu yote ya kazi nilipima sukari kwenye maji ya miwa, maabara ya kiwanda kule chini tambarare. Sasa napima sukari kwenye damu ya mke wangu. Sina fundisho la kutoa hapo. Naandika tu.

Jumamosi alinituma nikate mkungu wa mshare nyuma ya nyumba. Mgomba ule aliupanda mwenyewe. Mshare ndiyo ndizi ya mtori, supu nzito ya huku mlimani, na Mama Neema, mtu wa Kasulu aliyekuzwa kwa ugali wa muhogo, alijifunza mtori mpaka wenyeji wakawa wanamwachia sufuria misibani. Aliupapasa ule mkungu akiwa kitandani, akaufuta vumbi kwa kanga yake.

"Upeleke. Halafu uje uniambie kachukua nani."

Tumeoana muda wa kutosha, nilisikia swali lililokuwa chini ya lile. Alitaka kujua kama bado yumo.

Mchungaji alihubiri upendo. Alihubiri vizuri, sitamdhulumu. Alisema imani isiyo na upendo ni nyumba yenye jiko lisilowashwa, na akina mama wakaitikia. Kwaya ambayo mke wangu aliiimbia miaka mingi ikasimama, sauti ya pili ikiwa nyembamba kidogo bila yeye. Machozi yalinitoka. Niliamini kila neno.

Kisha tukatoka uwanjani.

Mnadishaji wetu, Mzee Elifuraha, ana mdomo. Jogoo alimnadi kama bwana harusi. Boga akalipakata kama mtoto wa ubatizo. Ulipofika mkungu wetu akaunyanyua kwa mikono miwili.

"Mshare huo! Mnene kama mwenyekiti wa ujenzi! Mtori wa huu, hata mgonjwa anaruka kitandani! Umetoka kwa nani?"

"Kwa Mama Neema," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mzee Elifuraha akakohoa. "Haya. Nani anaanza?"

Hakuanza mtu. Watu walitazama viatu vyao. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, wala hakujitahidi sana nisisikie: "Ndizi za nyumba ile? Na kidonda kile? Mimi sili."

Mwanamume mmoja, mgeni kutoka Dar aliyekuja kwenye kipaimara cha mpwa wake, akanyoosha mkono. Akataja bei, tena bei ya heshima. Kisha nikamwona mama yake akimvuta shati na kumnong'oneza sikioni. Mkono ukashuka. Akajifanya alikuwa anajikuna kisogo.

Mkono ule siutoi machoni. Ulikuwa umeshanyooka wenyewe, ukafundishwa kurudi.

Nikanunua mwenyewe. Nilitaja bei kubwa kuliko ya yule mgeni, kwa kiburi, na Mzee Elifuraha akadakia, "Umekwenda!" Wakapiga makofi. Naam, makofi. Nilikuwa nimewaondolea shida.

Nyumbani nisingeweza kurudi nao. Nikaupitisha kwa Mzee Mkumbo, Mnyiramba tuliyefanya naye kazi kiwandani. Aliupokea, akauliza kama na chumvi nimeleta.

Mama Neema alikuwa amejiinua kwenye mito, ananisubiri.

"Kachukua nani?"

"Mama Eliamini."

Jina lilitoka kabla sijafikiri. Mama Eliamini ndiye rafiki yake wa kwaya, ndiye aliyemfundisha mtori. Alikuwepo uwanjani, karibu kabisa nami, ameshika trei ya mayai ya mtu mwingine. Nadhani nilimtaja yeye kwa sababu ndiye aliyeniuma zaidi.

Uso wa mke wangu ukafunguka. Kabla sijamzuia, akachukua simu, akaweka spika.

"Dada! Nasikia umechukua mshare wangu!"

Nilisikia vyombo vikigongana upande wa pili.

"Ee... ndiyo, mama. Tumepokea. Mungu akubariki sana."

"Upike kesho, usingoje. Ukianza kuiva mtori unakuwa mtamu kama uji wa mtoto."

"Sawa, sawa. Na nitakuja kukuona. Jumatano. Jumatano nakuja kabisa."

Basi tukawa waongo wawili, mimi na Mama Eliamini, bila kupanga. Kwa dakika ile nilimshukuru.

Leo ndiyo Jumatano. Asubuhi mke wangu aliniomba nibadilishe bandeji. Mchana akaniomba tena, ingawa ilikuwa safi. Akasema nifungue madirisha yote, katika baridi hii. Akavaa gauni la kwaya, limempwaya sasa. Nikajaza chai kwenye chupa, nikakaanga karanga.

Hakuja mtu.

Giza lilipoanza nilifunga madirisha. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni mvua, barabara ni utelezi tupu.

"Baba Neema," akasema, "uliununua kwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Ghali hivyo! Ndizi zako mwenyewe!" Akacheka, tena kicheko cha kweli.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema alijua tangu kwenye simu. Mama Eliamini hajawahi kupokea kitu chake bila kumtania. Kila mkungu, miaka yote: "Wewe chasaka, umeiba shambani kwa nani?" Chasaka ndilo jina wanalotuitia sisi tusio wa mlimani, na mdomoni mwa Mama Eliamini lilikuwa limegeuka kuwa jina la nyumbani.

"Jumapili alinibariki," akasema. "Mtu aliyezoea kukutania akianza kukubariki, ameshakuaga."

"Sasa kwa nini umevaa? Umekaa tangu asubuhi."

Akatazama mlango. "Na kama angekuja? Anikute hivihivi?"

Hapo nikashindwa. Nilisema maneno juu ya kanisa ambayo siyaandiki hapa. Nilisema sikanyagi tena pale. Nimesoma mengi juu ya imani hii, hoja sikosi, na zote nilizimwaga mbele ya mwanamke mmoja mgonjwa ambaye hakuwa amenikosea. Aliniacha nimalize.

"Umemaliza? Haya. Jumapili unitafutie bajaji. Nitakaa benchi la mbele, na mguu wangu."

"Watahama."

"Wahame. Mabenchi yako mengi."

"Na Mama Eliamini?"

"Yule nitamwuliza mtori ulikuwaje."

Akaomba nimvue gauni, nilitundike vizuri lisikunjike. Sasa amesinzia. Nimeshampigia mwenye bajaji, amekubali. Aliuliza tu kama mgonjwa anaweza kukaa mwenyewe.

Anaweza.

Mimi ndiye nisiyejua nitakaaje. Siogopi kwamba watahama. Nalitarajia hilo, hata nalitamani kidogo, ili nipate haki ya kuwachukia bila kubughudhiwa. Ninachoogopa ni kwamba atawaona wakinyanyuka, na atawasamehe palepale, kabla ya wimbo wa pili. Nami nitakuwa nimekaa pembeni yake na haki yangu yote, sina kanisa, na kwa saa ile sina hata yeye.