Admin wa Kampala alimukatalia Kahongya

Solange, weka sufuria chini usome. Niko nacheka na hasira!

Kahongya, dada yangu, aliomba kuwa admin mu groupe ya WhatsApp ya alerte, ya kujulisha batu hatari ya Beni-Butembo, juu batu banatuma uongo na benzabo banakimbia bure. Lusenge, mwenye groupe, akamujibu mbele ya bote: "Admin ni wa roho nguvu. Weye uzisha tu nyanya ku soko."

UZISHA TU NYANYA! Ye mwenye alikimbilia Kampala tangu mauaji ianze! Kahongya aliona haya.

Leo asubuhi Lusenge anatuma photo ya moshi: "Adui baliingia mu mutaa ya Ruwenzori, mukimbie!" Kahongya akapigia Joyeuse, mwenye anaishi palepale. Joyeuse akasema: "Moshi gani? Tuko tunafua manguo." Kahongya akaandika ile mu groupe. Lusenge akamutosha mu groupe. Pap!

Halafu, ma chère, bwana admin anamupigia: "Dada, mama yangu iko Ruwenzori. Aliona photo, akakimbia mu pori, hapokei simu. Unisaidie."

Mama yake mwenyewe! Photo yake mwenyewe! Na mu pori ile njo banauaga batu kweli.

Kahongya akapigia tena Joyeuse. Joyeuse na majirani bakamutafuta, bakamupata mu shamba ya kakao, bila viatu, anashika rozari. Kahongya akamujulisha Lusenge: "Mama iko muzima."

Lusenge akalia, kweli akalia! Eti: "Dada, nakuweka admin sasa hivi."

Kahongya akamuambia: "Futa kwanza ile photo," akakata simu.